Sarafu mpya za intaneti: tuzipime kama tunavyopima sanduku la AVEC

Katika magrupu ya WhatsApp ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, ahadi haziishi: sarafu mpya ya kidijitali imezaliwa, bei bado iko chini, anayeingia leo atavuna kesho. Mara nyingi anayeileta ni mtu tunayemjua: shemeji, jirani, ndugu wa kanisani. Na pesa inayoombwa ni ile ya masomo ya watoto, au mtaji wa mama anayeuza vitenge sokoni.

Tusiwacheke wanaosikiliza. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango. Bukavu ilifuata mwezi wa pili. Mtu ambaye akiba yake imebaki nyuma ya mlango wa benki, au anailalia chini ya godoro, ana sababu ya kutafuta njia nyingine. Lakini mwenye shida ndiye anayewindwa wa kwanza.

Maoni yangu ni haya: mkaaji wa Kivu hahitaji kuwa fundi wa kompyuta ili kupima mradi mchanga wa blokicheni. Kipimo anacho tayari katika mtaa wake. Ni AVEC, chama chetu cha akiba na mikopo.

Tunajua AVEC inavyofanya kazi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kila mwanachama ana kitabu chake. Faida inatoka kwenye mikopo, na wote wanajua nani alikopa na atarudisha lini. Mzunguko ukiisha, watu wanagawana.

Blokicheni nayo, kwa asili yake, ni kitabu cha hesabu ambacho nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, ili mtu mmoja asiweze kufuta mstari peke yake. Waraka wa Bitcoin, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2008, una kurasa 9 tu, na yeyote anaweza kuusoma. Wazo lake kubwa ni kwamba usilazimike kumwamini mtu, ukague mwenyewe. Basi mradi wa blokicheni unaokuambia “niamini tu” umejikana wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza: kitabu kiko wapi? Tukumbuke OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, mzaliwa wa Bulgaria. Kufwatana na mashtaka ya Marekani, ilikusanya zaidi ya dola miliari 4 duniani. Hata kwa jirani zetu wa Uganda, watu walitoa akiba zao. Mwaka 2016, mtaalamu mmoja wa Norway, Bjørn Bjercke, alitafutwa ili aijengee kampuni hiyo blokicheni, wakati sarafu zilikuwa zimeshauzwa kwa muda mrefu. Maana yake kitabu hakikuwepo. Bei iliyopanda kwenye skrini iliandikwa na wauzaji wenyewe. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI ilimweka kati ya watu 10 inaowatafuta zaidi. Mshirika wake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa miaka 20 ya jela huko New York, Septemba 2023. Sarafu ya kweli ina anwani kwenye blokicheni, na mtu asiye mwanachama anaweza kuifungua na kuona pesa inavyotembea. Omba anwani hiyo. Wakikuonyesha tu ukurasa wao wenyewe wenye tarakimu zinazopanda, hujaona kitabu.

Swali la pili: faida inatoka wapi? Mfano mzuri uko hapa kwetu. Huko Luviro, katika eneo la Lubero, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji. Unaweza kubisha kama hiyo ni kazi ya hifadhi ya wanyama. Lakini njia ya pesa inaeleweka: maji yanazungusha mtambo, umeme unawasha mashine, mashine zinaleta Bitcoin. Bei ikishuka, mapato yanashuka. Hakuna anayeambiwa alete rafiki watatu ili alipwe.

Kama faida inatoka kwa wanaoingia nyuma yako, huo mchezo Wakongomani tunaufahamu. Wazee wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, mwaka 1991. Wa kwanza walilipwa vizuri, wakashangilia, wakaita wengine. Wengi wa mwisho walibaki mikono mitupu. Kwa hiyo kulipwa mara ya kwanza si ushahidi wa kitu. Ndiyo chambo chenyewe.

Swali la tatu: nani anashika funguo? Uliza waanzilishi wamejiwekea tokeni ngapi, na lini wanaruhusiwa kuziuza. Kama nusu iko mikononi mwao na wanaweza kuuza kesho, siku watakapouza bei itaanguka na wewe utabaki na tarakimu. Uliza pia kama programu yao iko wazi ili mafundi wengine waikague, na kama majina yao yanajulikana. Sanduku lenye kufuli moja na ufunguo mmoja, hakuna AVEC ingelikubali.

Swali la nne: tukiondoa picha za wakubwa, kinabaki nini? Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo ya mto Ubangi, iliruhusu Bitcoin kuwa pesa halali Aprili 2022, kisha Julai ikaleta sarafu yake, Sango, ikiwaahidi wanunuzi uraia na ardhi. Mwezi uliofuata, Mahakama ya Katiba ya inchi hiyo ilisema ahadi hizo ni kinyume cha katiba. Ikiwa mhuri wa serkali haukutosha, picha ya pasta au ya mwanamuziki itatosha namna gani?

Wapo watakaosema: anayengoja amechelewa, walionunua Ethereum mwaka 2014 kwa chini ya dola 1 walitajirika. Ni kweli. Lakini waraka wa Ethereum ulikuwa umeshatolewa wazi kabla ya mauzo, na mafundi waliusoma na kuubishania. Tena, miradi mingi ya watu waaminifu ilikufa tu, bila wizi wowote. Hata mradi unaojibu maswali yote manne, usiupe pesa ambayo ikipotea mtoto atafukuzwa shuleni. Na pesa ya sanduku la AVEC isiguswe kabisa. Viongozi wa vyama waandike sheria hiyo kabla hawajaombwa.

Siku sarafu mpya itakapoletwa kwenye grupu lako, andika maswali hayo manne mbele ya wote. Mwenye mradi wa kweli atajibu. Ukiondolewa kwenye grupu kwa sababu umeuliza, umepata jibu, na halijakugarimu hata franka moja.