Eldoret Yangoja Riwaya Yake

Ipo hadithi ipendwayo sana katika riwaya za mahaba na taharuki: mtu aliyeuhama mji wao kwa fadhaa, akakaa ghurbani miaka mingi, anarejea kwa ajili ya mazishi au mirathi, akamkuta mpenzi wake wa zamani yu hai, na siri ya zamani i hai vilevile. Msomaji hukesha akimtafuta mtenda dhambi. Mwandishi atakayeiandika Eldoret kwa kanuni hiyo ataikosa, kwani hapa mtenda dhambi aghalabu anajulikana.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto likiwa limejaa Wakikuyu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Na kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyoundwa kuyachunguza, machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu uliofanyika siku chache kabla yaliua watu 1,133 nchini Kenya, ilhali uwanja wa maonyesho wa mji huu uligeuka maskani ya maelfu ya wakimbizi. Mji mdogo wa Burnt Forest, ulio jirani, ulikwisha kuuonja moto huo mwaka 1992. Baadhi ya waliorudi walirudi kupakana na jirani yule yule, naye anajua, nao wanajua, na kila mmoja anajua kwamba mwenziwe anajua. Huamkiana asubuhi, huuziana maziwa na mahindi, na neno lile halitajwi. Taharuki ipitayo hiyo siijui.

Sasa tia mahaba humo. Binti Mkikuyu aliyekimbizwa utotoni arejee kuuza shamba la marehemu babaye, akutane na kijana Mkalenjini aliyesoma naye darasa moja, wapendane. Kila msomaji wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, atalingoja kwa hofu swali litakalowafikia siku ya posa: mzee wako alikuwa wapi siku ile? Binti ana haki ya kuuliza, na kijana hana hatia ya kurithi jibu. Mwandishi asiharakishe kuwafungisha ndoa ili tuambiwe kwamba taifa limepona, maana waliofiwa watautambua uongo huo upesi.

Waandishi wawili wamelikaribia jambo hili. Ken Walibora, katika riwaya yake Kufa Kuzikana ya mwaka 2003, alisimulia urafiki kati ya makabila yaliyohasimiana, lakini katika nchi ya kubuni. Yvonne Adhiambo Owuor, katika Dust ya mwaka 2014, alimrejesha dada nyumbani kaskazini baada ya kaka yake kuuawa Nairobi, lakini kwa Kiingereza. Nawastahi wote wawili. Hata hivyo wapenzi wa Eldoret niliowataja watanong'onezana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao awezaye kumtawala mwenziwe kwayo. Basi riwaya yao na iandikwe kwa lugha hiyo, Kiambaa iitwe Kiambaa, mtaa wa Langas uitwe Langas, na wachapishaji wasiogope. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa moto watapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza mwaka 2027, na wengi wao wameyapata haya kwa minong'ono ya jikoni tu. Kitabu hicho kiwafikie kabla ya siku hiyo.