Msiba Una Wenyewe

Wananchi wenzangu wa Rhonda hapa Nakuru, sisi ni watu wa ploti moja, mfereji mmoja, na ukuta wa mabati usioficha neno. Jirani akiugua muda mrefu tunajua. Tunamsikia akikohoa usiku, tunamwona akishikwa mkono kupanda bodaboda kwenda kliniki. Siku akituacha, uchungu ni wetu sote, na simu zi mikononi.

Lakini je, wenyewe wameshaambiwa?

Hebu fikiria. Mama yake yuko ushago, Vihiga au Siaya. Kijana wake yuko bweni. Binti yake anafanya kazi za nyumbani kule Saudia. Mtu anabandika picha ya marehemu na mshumaa kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa nia njema kabisa, na muda si muda picha imefika kule. Binti anaisoma peke yake, jikoni kwa watu. Nani atamshika?

Hata wakubwa yamewafika. Mzee Moi, rais wetu wa zamani na jirani yetu wa Kabarak, alizushiwa kifo akiwa angali hai. Alifariki kweli tarehe 4 Februari 2020, baada ya kulazwa hospitalini Nairobi. Hebu jiweke mahali pa jamaa wanaomuuguza mzee huku simu za pole zikiingia.

Basi tufanyeje? Tuulize kwanza nani anasema kwa niaba ya familia, kisha tumngoje. Ukiombwa kumpigia ndugu wa marehemu, muulize kwanza yuko wapi, yuko na nani. Dereva aegeshe gari kwanza. Mama mzee asipigiwe simu. Aendewe nyumbani na shemeji au mchungaji, mtu atakayekaa naye mpaka jioni. Mwanafunzi je? Mwalimu apigiwe, na jamaa amfuate.

Wazee walikuwa wakimwambia aliye mbali, "Mgonjwa amezidiwa, njoo." Wengine leo wanasema huo ni uongo. Mimi siwalaumu wazee: walitaka mtu afike salama, aambiwe akiwa kati ya watu wake.

Na wewe unayefanya kazi hospitalini, mochari au dukani pa majeneza, unayejua mapema kuliko wengi, kimya chako ni msaada mkubwa. Ugonjwa wenyewe pia tusiutaje. Aliugua muda mrefu, hayo yatosha.

Familia ikishasema habari itolewe, hapo tusilale. Tutangaze jina kamili, mahali pa matanga na nambari ya mweka hazina aliyechaguliwa na kamati. Bili ya hospitali inangoja, mochari inahesabu siku, na gari la kwenda ushago halijalipiwa. Mwenye viti alete viti. Mwenye sufuria kubwa aje nayo mapema, chai ya watu wa matanga ianze kuchemka kabla ya jua kuzama.