Mazungumzo ya Nyumbani: Mpanda Ngazi Hushuka

Mwezi huu twawaletea habari za mtu aliyepanda juu sana, kisha akashuka, mpate kuzizungumza jioni pamoja na watoto wenu.

Idi Amin aliingia jeshi la Keya mwaka 1946, hali hana elimu nyingi. Alikuwa na nguvu za mwili, hata akawa bingwa wa ndondi wa Uganda. Nao wakubwa wake Waingereza wakampandisha daraja baada ya daraja. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote alipokuwa safarini Singapore, Amin akaitwaa nchi kwa bunduki. Siku ile watu wengi wa Kampala walijaa njiani wakicheza na kushangilia. Tusiwacheke, maana moyo wa mwanadamu ni mwepesi kumshangilia mwenye nguvu, kabla ya kuuliza nguvu zile zitafanya kazi gani.

Jibu halikukawia. Mwaka 1972 aliwapa Wahindi siku 90 tu waondoke. Watu wengi walichukuliwa na askari, wasirudi tena kwao. Naye akazidi kujipa majina makuu, akawa rais wa maisha.

Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule kama wengi wenu, hakunyamaza. Yeye na maaskofu wenziwe walimwandikia Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya motokaa. Lakini walioona maiti waliona majeraha ya risasi. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, ila maiti haikutolewa. Basi Wakristo wakakusanyika penye kaburi tupu, wakakumbuka kaburi lile jingine lililoonekana tupu siku ya Pasaka.

Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, katika nchi ya Tanzania. Majeshi ya Tanzania, pamoja na wana wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yakawarudisha nyuma, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Amin akakimbia, akafa ugenini huko Jeddah mwaka 2003.

Askofu Festo Kivengere, aliyeikimbia nchi yake baada ya Luwum kuuawa, aliandika kitabu ambacho jina lake lasema kwamba yeye ampenda Idi Amin. Hakuusifu uovu, alikataa kuwa mtumwa wa chuki.

Sisi hatuna majeshi. Lakini baba nyumbani mwake na mwalimu darasani mwake, kila mmoja ana milki yake ndogo, na fimbo mkononi. Je, walio chini yetu hunyamaza kwa kutuheshimu, au kwa kutuogopa? Jioni hii tuwape watoto nafasi ya kusema, nasi tusikilize bila hasira.