Gari Lisipowaka Alfajiri




Baridi imekwisha kutufikia, na atokaye nje baada ya sala ya alfajiri hapa Tumba huisikia sauti ya gari linalokohoa kisha likanyamaza. Kwetu dawa yake ilikuwa vijana wa mtaa: husukuma, dereva akatia gia ya pili, likawaka. Huku usijaribu. Njia ni barafu, na gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata lisukumwe mpaka Södertälje.

Kwanza sikiliza. Ukizungusha ufunguo ukasikia "tak-tak" huku taa zikififia, ishuku betri kabla ya stata. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri hata betri nzima yaweza kubakiwa na nusu ya nguvu zake au chini ya hapo, na wakati huohuo oili imekuwa nzito. Funua boneti. Vichwa vya betri vikiwa vimeota ungaunga au vimelegea, visafishe, uvikaze, ujaribu tena. Mimi nimewahi kulipia stata mpya, kumbe kosa lilikuwa waya uliolegea.

Ikiwa stata yazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na gari haliwaki, usiilaumu betri wala usiitese stata. Shida huenda i katika mafuta au plagi, mwite fundi.

Sasa lile lililonifanya niandike. Juzi jirani alikuwa na haraka ya kumpeleka mtoto kwa daktari, waya za kuazimia umeme zimo mikononi, na betri yake imevimba ubavu. Betri iliyokwisha umeme maji yake yaweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Iliyojaa haigandi kwa baridi ya hapa. Iliyoganda ukiitia umeme yaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Tulimzuia, tukaita teksi. Alikasirika kidogo, na haki yake.

Betri ikiwa haikuvimba wala kuganda, waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi ushike hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri, kwani cheche yaweza kuwasha gesi itokayo humo. Kuziondoa, rudi kinyumenyume. Baadhi ya magari yana mahali pake maalumu pa kushikiza waya; tazama kitabu cha gari.

Likiwaka, usilizime karibu. Mwendo wa kutoka hapa hadi msikitini Fittja hautoshi kuijaza betri. Wenye maegesho yenye umeme, chomekeni motorvärmare saa moja au mbili kabla ya safari. Injini yenye joto haimchoshi stata. Na betri iliyokwisha kupita miaka mitano ipimwe wiki hii, kabla ya Januari.

Wabillahi tawfiq.