Mchora maua ya khanga asiuze shamba, alikodishe

MFANYABIASHARA wa khanga katika Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, anajua kwamba mteja wake hanunui pamba. Khanga mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, kwa uzi uleule na bei ileile, lakini moja ikaisha dukani kwa siku tatu na nyingine ikakaa rafuni hadi ikapauka kwenye mikunjo. Kinachozitofautisha ni maua na jina.

Pamoja na hayo, aliyechora maua hayo mara nyingi hulipwa mara moja tu, fedha taslimu, bila karatasi. Mkulima wa pamba wa Maswa au Bariadi, hata akiwa na malalamiko yake dhidi ya mizani, hulipwa kwa kilo. Mwenye duka hupata faida kwa kila doti. Mchoraji peke yake huondoka na ujira wa siku, na maua yake yakipendwa na kuchapwa tena mwaka unaofuata, yeye husikia habari hizo kama mpita njia.

Wakulima wanaufahamu mchezo huu. Ni sawa na mtu aliyebanwa na ada ya shule akauza mahindi yakiwa bado shambani. Anayenunua ndiye anayeujua msimu ulivyokuwa. Lakini kwa mchoraji hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mahindi huvunwa mara moja, na mchoro mzuri huvunwa kwa miaka.

Mfano upo kwenye kila soko la nguo. Nakshi inayojulikana kwa wengi kama dashiki, ile yenye mapambo yanayozunguka shingo na kushuka kifuani, ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Toon van de Manakker, mchoraji wa kiwanda cha Vlisco kilichoko Helmond, Uholanzi. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado inachapwa, na viwanda vya nchi nyingine vimeinakili bila idadi. Hapa nyumbani kuna kisutu, khanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi wa pwani huvaa hadi leo. Muulize bibi harusi nani aliichora.

Hata wanunuzi wenye uzoefu hawawezi kujua mapema mchoro utafika wapi. Mwaka 1951 mchoraji wa Uingereza, Lucienne Day, aliliuzia duka la Heal's la London mchoro aliouita Calyx. Mkuu wa idara ya vitambaa hakuamini kwamba utauzika, akamlipa ginii 10, nusu ya bei ya kawaida. Mwaka huohuo mchoro ukapata medali ya dhahabu mjini Milan, na kitambaa kikauzwa kwa miaka mingi. Day aliendelea kufanya kazi na Heal's kwa zaidi ya miaka 20, na jina lake likawa linachapwa kwenye ukingo wa kitambaa. Kwenye ukingo wa vitenge vingi mtu husoma jina la kiwanda. La mchoraji halipo.

Wapo watakaosema kwamba kuchora maua ni kipaji tu, na kipaji hakina haja ya mkataba. Anayesema hivyo hajawahi kupeleka mchoro kiwandani. Silinda ya kuchapia iliyozoeleka ina mzunguko wa sentimita 64, hivyo nakshi ya kitenge lazima ijirudie ndani ya kipimo hicho au kipande chake, yaani 32 au 16, na pale inapokutana na mwanzo wake pasionekane mshono. Kila rangi inahitaji silinda yake. Mchoraji aliyetumia rangi nane mahali ambapo nne zingetosha amemwongezea mwenye mzigo gharama kabla mita ya kwanza haijachapwa. Khanga nayo ina masharti yake: pindo lizunguke pande zote, mji ukae katikati, jina lisomeke hata nguo ikiwa imefungwa kiunoni. Ua zuri kwenye karatasi linaweza kuwa bovu mwilini. Hii ni fani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya usanifu na teknolojia ya nguo.

Asiye na nafasi ya chuo huanzia kwenye batiki. Nta, rangi na mita chache za kitambaa cheupe zinatosha kumfundisha kijana kipi kinanunuliwa na kipi kinasifiwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Baadaye hujifunza kuchora kwa kompyuta, kwa kuwa kiwanda kinataka faili lenye rangi zilizotenganishwa. Siku hizi soko pia limevuka mipaka. Kampuni ya Spoonflower ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2008, huchapa nakshi za wachoraji wa nchi mbalimbali kwa kadiri mteja anavyoagiza, na mchoraji hupata kamisheni kwa kila mauzo. Si njia ya utajiri wa haraka, maana washindani ni wengi mno.

Fedha zilizo karibu zaidi ziko kwa vikundi. Wanawake wa parokia, wafanyakazi wanaojiandaa kwa Machi 8, familia yenye harusi, wote wanataka sare isiyofanana na ya jirani. Kiwanda hakiwezi kuwasha mitambo kwa doti chache, lakini vikundi kadhaa vikiungana, au mfanyabiashara mmoja akikusanya oda, hesabu inakubali.

Hapo ndipo mchoraji anapaswa kukataa kuuza shamba. Chukua mfano wa mchoro ambao mwenye duka yuko tayari kuulipia shilingi 100,000 na kumaliza. Kama badala yake mchoraji atalipwa shilingi 50,000 za kuanzia na shilingi 50 kwa kila doti, doti 4,000 zitampa jumla ya shilingi 250,000. Zisipouzika, mwenye duka ametoa nusu tu ya fedha ambazo angetoa. Mfanyabiashara mdogo mwenye mtaji wa kuungaunga angepaswa kuwa wa kwanza kuupenda utaratibu huu.

Pingamizi kubwa ni wizi. Ua likishika soko, nakala yake kutoka nje huingia kwa bei ya chini, na mwenye duka huuliza kwa nini alipie kitu ambacho jirani anakipata bure. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro tangu inapotengenezwa, na kuisajili COSOTA humpa mwenye kazi ushahidi wa kushika mkononi. Mfanyabiashara mwenye mkataba na mchoraji ana pa kuanzia anapomkuta mtu na nakala. Aliyeokota picha kwenye simu hana la kusema, kwa kuwa naye ni mwizi.

Mkataba wenyewe hauhitaji kurasa nyingi. Useme ni mchoro upi, uchapwe kwenye nguo gani, kwa muda gani, doti ngapi, malipo yafanyike lini, na je, mwenye duka anaruhusiwa kubadili rangi au kumpa mtu mwingine. Muda ukiisha, mchoro unarudi kwa mwenyewe kama shamba linavyorudi baada ya msimu. Na kabla ya kusainiana, mchoraji asitume picha kamili kwa WhatsApp. Kona moja ya pindo inamtosha mnunuzi kuamua kama anataka kuona zaidi.