Daftari la Wiki: Simu ya Mwanafunzi wa Meno

Maswali 20. Mwaka 1988, Makoto Kawamura wa Chuo Kikuu cha Hiroshima alichapisha maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu namna mtu anavyojali kinywa chake. Je, fizi hutoka damu ukipiga mswaki? Je, husubiri hadi jino liume ndipo uende kwa daktari? Wanafunzi wa meno wa nchi nyingi wameshayajibu, na mara nyingi walioanza kutibu wagonjwa huwapita kwa alama walio bado darasani. Lakini kabla hawajamfikia mgonjwa, simu imeshawafundisha mengi.

Ndimu na mkaa. Video moja inayozunguka simuni ni fupi: kijana anakata ndimu, anasugua meno ya mbele, anapaka mkaa uliosagwa, anapiga mswaki kwa nguvu, anasuuza na kutabasamu. Asichosema ni kwamba asidi ya ndimu hulainisha enameli, na mkaa huikwangua. Enameli ikishalika haioti tena, na chini yake kuna dentini, yenye umanjano. Anayeusaka weupe hivyo anaupoteza.

Floraidi. Wapo pia wanaohubiri mtandaoni kuwa floraidi ni sumu, tuachane na dawa ya meno. Ni kweli kwamba ikizidi hudhuru: kuzunguka Mlima Meru, Tanzania, maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokua wakiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Floraidi hiyohiyo, ikipakwa kwa dawa ya meno na kutemwa, huzuia meno kutoboka. Kinachopambanua ni kiasi kinachomezwa, na wahubiri hao hawakitaji.

Meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, bado wapo wanaomshauri mama ampeleke akang'olewe "meno ya plastiki". Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno ya utoto, aghalabu chonge. Mtoto huweza kuvuja damu, kuambukizwa, hata kufa. Mama huyo naye ana simu, na mwanafunzi anayeijua lugha ya nyumbani kwake anaweza kumfikia kabla ya mshauri.

Ombi. Walimu wa vyuo vya meno, wafundisheni vijana kuzipima video hizi darasani, dai kwa dai. Wafundisheni pia kutopiga picha kinywa cha mgonjwa bila ridhaa yake. Nanyi wanafunzi, msikae kimya mtandaoni. Ndugu zenu wanawaamini.