Nilivuka Mpaka Kutafuta Mto, na Mwingine Uko Nyuma ya Ukuta Wetu

Wasee, juzi niliweka video ya dakika tisa. Boti, maji, mimi nimekaa tu. Hakuna muziki. Imefanya vibaya kuliko zote mwaka huu, na maoni yalikuwa yaleyale: hayo ni mambo ya wazungu wamestaafu.

Nakubali nusu. Wazo nililitoa kwa video za Uingereza. Kule kuna boti ndefu nyembamba za mifereji. Zamani zilibeba makaa ya mawe, siku hizi watu huenda nazo likizo, kama kilomita sita kwa saa, na huo ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa! Niliziangalia usiku mwingi baada ya kuacha chuo, wakati sikutaka kuongea na mtu.

Basi nikapanda gari la usiku hadi Jinja, Uganda. Mzee wa boti akaniuliza nataka kuonyeshwa nini, chanzo cha Nile ama ndege. Nikamwambia, mzee, siku nzima, polepole, usinionyeshe kitu. Akacheka, kisha akataja bei. Tukiwa mbali kidogo na bandari akazima injini. Minandi walikuwa mtini wakianika mabawa, kenge amelala juu ya jiwe, wavuvi wanapita bila hata kutuangalia. Kitu kimoja alishindwa kuninyima: mahali palipokuwa na maporomoko ya Ripon kabla bwawa la Owen kuyazamisha, 1954. Siku hizi unaona tu maji yakijikunja kidogo. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesahau kurekodi. Ndiyo maana ni dakika tisa.

Shida yangu ilianza niliporudi nyumbani. Naishi Spring Valley. Tulieni, ni SQ, mamangu hufanya kazi kwa hiyo nyumba kubwa. Chini ya bustani kuna kijito. Nimekisikia tangu utotoni, hasa usiku wa mvua, lakini sijawahi kukaa kando yake. Kuna ukuta, kuna waya wa stima, na kuna askari wa geti ambaye ni rafiki yangu lakini ana kazi ya kulinda. Mtaa una jina la chemchemi. Jiji lenyewe Wamaasai waliliita kwa ajili ya maji baridi. Na mimi nimelala kwa basi nikavuka mpaka ndio nikae karibu na maji.

Maji ya upande huu huteremka hadi Mathare. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu huko, halafu serikali ikaagiza walio ndani ya mita 30 za mto wahame, na nyumba za mabati zikabomolewa. Huku kwetu, pale barabara inapovuka kijito, nimepima kwa miguu kutoka maji hadi ukuta. Hatua sita. Hakuna buldoza nimeona.

Na sisemi tuletewe boti, bana. Kijito ni kidogo, hata bata angekwama. Nataka njia ya miguu, upana wa watu wawili, kutoka huku hadi Mathare, na kuta zirudishwe nyuma kama mabati yalivyorudishwa. Msiniambie haiwezekani: Michuki Park iko palepale kando ya Mto Nairobi, na ilisafishwa 2008, wengi wetu tukiwa watoto.

Video ijayo ni ya kijito. Itakuwa sauti tu, kutoka dirisha langu, hadi mtu afungue geti.